Radi Iliyoitwa ya Marselina

Marselina binti Kassiani alihukumiwa kwa utani. Natumia neno "alihukumiwa" kwa makusudi, ingawa hakuna hakimu aliyeketi wala shahidi aliyeapa, kwa kuwa alinyang'anywa vile vile ambavyo hukumu humnyang'anya mtu: nyumba yake, kazi ya mikono yake, na salamu za majirani zake. Kosa lenyewe ni kwamba siku ya Krismasi, mezani kwake, alijibu mzaha kwa mzaha. Aliyemchokoza hakuulizwa neno. Nilikuwa mezani pale na nilisikia yote. Na kwa kuwa siku hizi mambo hayo husimuliwa kana kwamba yalianzia katikati, nitayasimulia tangu mwanzo.

Alizaliwa upande wa Namanyere, kwa Wafipa, akaja Mpanda angali msichana kujifunza ususi kwa shangazi yake. Alikuwa na vidole vyepesi na kauli nyepesi, na mteja aliyeketi kwake akiwa amenuna aliondoka akicheka, hata kama kichwa kilimuuma. Lucas alimkuta huko. Lucas ni mtoto wa Mzee Mwandu, Msukuma aliyeingia upande wa Mpimbwe na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita akaweka boma karibu na Usevya. Kijana mwenyewe hakupenda ng'ombe. Alipenda injini, akawa fundi pikipiki mjini. Walifunga ndoa kanisani Septemba 2023, wakahamia nyumba ya matofali ya kuchoma aliyokuwa ameijenga Lucas polepole kule Mwamkulu, ng'ambo ya njia kutoka kwangu. Ilikuwa na vyumba viwili tu, lakini baraza lake lilikuwa refu kuliko lilivyostahili. Lucas alilirefusha kwa ajili ya viti vya mkewe. Baraza hilo ndilo lililokuwa saluni.

Desemba ilipokaribia, waliulizana Krismasi yao ya kwanza itakuwaje.

"Kwetu Krismasi ilikuwa siku ya kuchunga kama siku nyingine," Lucas alisema. "Ng'ombe hajui Yesu amezaliwa."

"Kwetu tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala wali, wanaume wakaondoka na sisi tukaosha masufuria mpaka jioni," Marselina akajibu. "Mimi nataka yangu. Meza moja, wanaume na wanawake, na marafiki badala ya ndugu. Na kila mwaka iwe hivyo, mpaka watoto waseme: kwetu Krismasi ni hivi."

Mzee Mwandu alipiga simu. Desturi ya ukoo wake ni kwamba sikukuu ya kwanza bibi harusi huila kwa wakwe zake. Lucas alimweleza kwa adabu kwamba safari hii wangebaki kwao, na Mwaka Mpya wangekwenda Usevya.

"Sawa, mwanangu," mzee alisema. "Lakini meza isiyo na mzee haina mlango. Chochote kinaingia."

Marselina alicheka. Alinisimulia maneno hayo kesho yake akiwa ananisuka, akicheka bado.

Jambo moja Lucas na Marselina walilikubaliana, nalo ndilo lililowaponza. Wakati wa posa, ujumbe wa Wasukuma ulipofika Namanyere, pande zote mbili zilikaa kama watu wanaosubiri daktari, mpaka mjomba wa Marselina alipoificha fimbo ya Mzee Mwandu na kumtaka aikomboe. Matusi ya utani yakafumuka, na posa ikaisha kwa vicheko. Sijui kama wazee wa kale waliwahi kukubaliana utani baina ya makabila hayo mawili. Hapa Katavi, ambako kila mtu amekuja na lugha ya mama yake, watu wamejitengenezea utani wao wenyewe, sokoni na misibani, ili waweze kuishi pamoja. Lucas na Marselina waliugeuza kuwa sheria ya meza yao: hakuna atakayepewa nyama mpaka amtanie mwenye nyumba, na mwenye nyumba sharti ajibu.

Siku ilifika. Marselina hakuwa na mti wa Krismasi wa plastiki. Alichukua rasta nyekundu na za kijani zilizobaki kwenye pakiti za wateja, akazisuka misuko mirefu, akaining'iniza juu ya kizingiti cha mlango. Upepo ulipopita misuko ilicheza, na sisi tuliopita chini yake ilitupapasa nyuso. Palikuwa na wali wa mpunga wa pale pale Mwamkulu, samaki wa migebuka walioletwa kutoka Kapalamsenga, ziwani, kuku, na sufuria kubwa ya nyama ya ng'ombe. Wageni tulikuwa wachache: Yotham, Muha aliyefanya kazi kijiwe kimoja na Lucas na ambaye simu haikumtoka mkononi; Stanslaus, jirani wa nyumba ya kona, Msukuma mkulima wa mpunga; mkewe Leticia, ambaye alikuwa mteja wa kwanza wa Marselina na rafiki yake wa kila siku; nami, mwalimu wa ng'ambo ya njia.

Stanslaus lazima nimweleze zaidi. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja akiitwa Treni na mwenzake Behewa. Nusu ya mtaa ule ilitegemea plau yake. Alilima kwake, kisha akawalimia wajane, walimu, na kila asiyekuwa na ng'ombe, na malipo aliyasubiri hadi mavuno. Watoto wa mtaani waliwajua maksai wale kama wanavyojua wachezaji wa mpira.

Yotham alianza, simu yake ikiwa imeinuliwa anarekodi.

"Lucas, hebu tuambie ukweli leo. Msukuma akioa Mfipa, mahari anapeleka ng'ombe au mwamvuli?"

"Nilipeleka ng'ombe, mwamvuli nikarudishiwa kama chenji," Lucas akajibu. "Nyie Waha mlipeleka nini, mawese?"

"Mawese na heshima!"

"Heshima mliishusha stesheni gani? Maana hapa Mpanda haikufika."

Yotham akapewa nyama. Leticia akafuata. "Dada, umesuka mpaka mlango. Kesho si utasuka na mbuzi?"

"Mbuzi ana subira kukuzidi wewe. Hajawahi kunililia 'nakufa' tangu msuko wa kwanza."

Leticia akapewa nyama, akampiga Marselina bega kwa furaha. Kisha Stanslaus akainuka na sahani yake, akajikohoza kama mzee wa baraza.

"Shemeji, niambie kabla sijameza. Nyama hii umeiivisha kwa kuni, au kwa radi ya kwenu?"

Tulicheka, nami nikiwemo. Ni mzaha mkongwe. Kila Mfipa aliyewahi kuondoka kwao ameusikia: ati huko radi hununuliwa kama chumvi na kutumwa kama mzigo. Mzaha huo humkuta mwanafunzi bwenini, mwuguzi wodini, abiria ndani ya basi, naye anatakiwa atabasamu. Marselina alikuwa ameusikia tangu utoto. Alimchotea Stanslaus pande kubwa kuliko la mtu yeyote, akamjibu kama sheria ya meza ilivyomtaka:

"Kwa kuni, Msukuma wangu. Radi naitunza. Ila ukinimalizia nyama ukaniachia mifupa mitupu, nitaituma ikamchukue Treni, Behewa abaki anakusindikiza shambani."

Stanslaus alikula upesi, akaguguna, kisha akaiinua mifupa juu ya kichwa ili sote tuione.

"Mifupa hii hapa! Itume!"

Wakati huo huo, mbali sana, upande wa hifadhi ya wanyama, mbingu ilinguruma. Ulikuwa mwezi wa Desemba; mbingu hunguruma kila siku.

"Imepokea!" Yotham akapiga kelele, na meza nzima ikalala kwa kicheko. Leticia alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Marselina ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Aliinuka akaenda kufunga dirisha.

Kabla ya Mwaka Mpya, radi iliwaua Treni na Behewa.

Ilikuwa mchana. Stanslaus alikuwa analima mteremko wa juu mvua ilipomkuta. Aliwafungua maksai kwenye plau, akawafunga kwa mnyororo kwenye shina la mninga, naye akakimbilia kibanda cha jirani. Mninga ule ulikuwa umesimama peke yake. Miti mingine yote ya mteremko ule ilikwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba na mkaa, na kazi hiyo aliifanya binadamu, wala hakuwa Mfipa. Mti mmoja mrefu juu ya mteremko mtupu, mnyororo wa chuma, wanyama wawili wamelowa: yeyote aliyesoma sayansi ya shule ya msingi angeweza kueleza yaliyotokea. Mtaani kwetu wamo wengi walioisoma.

Siku ile yenyewe hakuna aliyemshitaki mtu. Marselina alisikia kelele akakimbia mvuani bila viatu. Leticia alimwangukia begani akalia. Stanslaus alikuwa ameketi juu ya nira iliyolowa, mikono kati ya magoti, akimtazama Treni aliyelala ubavu mmoja. Alipomwona Marselina alisema neno moja tu.

"Tulicheka, shemeji."

Hakusema "ulisema". Alisema "tulicheka". Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, maana lilikuwa neno la haki, na ndilo la mwisho la haki lililotoka kinywani mwake.

Sasa ile simu. Jioni ya Krismasi Yotham alikuwa ameiweka video ya meza yetu mahali ambapo marafiki zake wote wangeiona, na wengine waliihifadhi. Baada ya maksai kufa, kipande kifupi kilianza kuzunguka. Mtu aliyekikata sijamjua hadi leo. Hakikuwa na swali la Stanslaus, wala mifupa iliyoinuliwa, wala kicheko. Kilianzia pale ambapo Marselina anasema, "Radi naitunza," kikaishia kwenye jina la Treni. Nyuma yake, mlangoni, misuko ya rasta ilikuwa inacheza kwa upepo. Watu walikuwa wanaikuza picha hiyo kwa vidole na kuulizana nywele zile ni za nani.

Nilimfuata Yotham mwenyewe kijiweni nikamtaka anipe video nzima.

"Niliifuta, mwalimu."

"Umeifuta? Ndiyo iliyokuwa na ukweli!"

"Niliogopa. Watu walikuwa wananiuliza na mimi nilikaa upande gani wa meza."

Katikati ya Januari Leticia alikuja kusuka. Nilikuwa barazani nikisubiri zamu yangu. Alikaa kimya muda wote, yeye ambaye hulia tangu msuko wa kwanza. Marselina alipomaliza, Leticia alipiga magoti, akaanza kuokota nywele zake zilizoanguka, unywele mmoja mmoja, akizikunja kiganjani.

"Leticia, unafanya nini?"

"Nafagia tu, dada."

"Ufagio ule pale."

"Si neno. Nitakwenda kuzitupa mwenyewe."

Hakuinua macho. Alizifunga kwenye pembe ya kitenge, akaondoka. Marselina alibaki ameshika kitana. Msusi huachiwa nywele za watu kila siku. Huzifagia, huzichoma pamoja na takataka, na katika kazi yake yote hakuna anayefikiri juu ya jambo hilo, kwa sababu anaaminiwa. Aliyeziokota siku ile alikuwa rafiki yake. Wiki iliyofuata mwingine aliziokota, na mwingine alikuja na mfuko wake. Kisha viti vya baraza lile refu vikaanza kukaa vitupu.

Asubuhi moja alifungua mlango akakuta mifupa ya ng'ombe kizingitini. Ilikuwa imeoshwa na kupangwa vizuri, kama vyombo. Lucas aliitupa. Baada ya siku chache ilikuwa mingine pale pale, imepangwa vile vile.

"Twende polisi," Lucas alisema.

"Tumshitaki nani? Mifupa?"

Niliwaambia kwamba sheria ya nchi hii inamkataza mtu kumwita mwenzake mchawi. Marselina alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza: "Na mwalimu, wanaponyamaza, sheria inasemaje?" Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwita chochote. Hilo ndilo lililotisha. Alisalimiwa kwa mbali. Dukani alihudumiwa upesi kuliko wengine wote, ili aondoke.

Mzee Mwandu alikuja Februari. Nilitarajia aje kumchukua mwanawe, kumbe nilimdhania vibaya. Alikuja kuwasaidia. Aliketi sebuleni, akamwita Marselina "mwanangu", akaeleza desturi ya ukoo wake: ndugu wakikwaruzana kwa maneno, aliyesema hutia maji mdomoni, akayapuliza chini mbele ya mwenzake, akasema, "Neno langu nimelirudisha." Yule mwingine hujibu, "Nami sikulisikia." Wanakula pamoja, na haliulizwi tena.

"Baba," Marselina alisema, "nikilirudisha, watasema nililituma."

"Kwetu haiko hivyo. Neno likiumiza linarudishwa, hata kama lilitoka kwa kicheko. Hukiri kitu, mwanangu. Unafagia tu."

"Kwenu haiko hivyo, baba. Na hapa?"

Mzee hakuelewa swali. Aliishi maisha yake yote ndani ya boma ambamo kila mtu aliijua desturi ile na maana yake. Mwamkulu si boma. Pale yuko Mkonongo, Mpimbwe, Mbende, Muha, Mrundi, Mnyamwezi, na kila mmoja ana maana yake ya neno lililorudishwa. Lucas alimshika mkewe mkono. "Fanya tu, mke wangu. Yaishe. Mimi nimechoka kuokota mifupa."

Kwa hiyo Jumapili baada ya misa watu walikusanyika uwanjani, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwenye mkutano wa barabara au wa maji. Stanslaus alisimama upande mmoja, Marselina upande wa pili. Alikuwa amevaa kitenge cha harusi yake. Alitia maji mdomoni, akayapuliza. Yalifanya doa dogo jeusi kwenye vumbi.

"Neno langu nimelirudisha," akasema.

Stanslaus alifungua kinywa. Alikuwa amefundishwa jibu, na Mzee Mwandu alikuwa akimwashiria kwa kichwa kumhimiza. Kabla hajatamka, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya umati. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akitafuta kitu na sasa amekiona.

"Basi alikuwa nayo."

Stanslaus akafumba kinywa. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Mzee Mwandu alibaki na kikombe cha maji mkononi, akigeuka huku na huku, akiuliza, "Mbona hajajibu? Mbona hamjibu?" hadi uwanja ulipobaki mtupu.

Mvua zile zilizobaki hazikuua mnyama wala mtu, na hilo nalo likahesabiwa dhidi yake: mnaona, tangu airudishe imetulia. Kama radi ingepiga tena, angekuwa ameituma; isipopiga, ameizuia. Nilifundisha hoja na mantiki kwa vijana wa sekondari miaka mingi, na sijawahi kuona mtego uliofumwa vizuri namna ile na watu wasiojua kwamba wanafuma.

Kiangazi kilikuwa na nafuu. Anga lilikuwa jeupe, na baadhi ya wateja walirudi, kila mmoja na mfuko wake wa nywele. Marselina alianza hata kuzungumza juu ya Krismasi ya pili. Angepika tena, alisema, na angewaalika wale wale. Asiyekuja asije, lakini sahani yake ingekuwepo. Nilielewa alichokuwa akipigania. Mtu anayefukuzwa mezani kwake mwaka wa kwanza hana mwaka wa pili wa kuhesabu.

Kisha Novemba ikaleta mawingu.

Siku ya kwanza mbingu ilipotanda niliwaona watu wawili watatu wamesimama njiani mbele ya nyumba yake. Nilidhani wanazungumza. Hawakuwa wakizungumza. Walikuwa wakiutazama mlango. Mvua ilipoanza walikwenda zao. Siku ya pili ya mawingu walikuwa wengi zaidi. Ikawa ndiyo desturi ya mtaa: wingu likipanda upande wa hifadhi, watu walitoka majumbani, wakaja, wakasimama, wakamtazama msusi anavyokunja viti vyake. Hakuna aliyetusi, hakuna aliyerusha kitu. Ngurumo ilipotokea, vichwa vyote viligeukia mbinguni, kisha vikarudi mlangoni. Marselina aliishusha misuko ya rasta iliyokuwa imebaki pale tangu mwaka uliopita. Wakamtazama anavyoishusha.

Mwanzoni mwa Desemba wingu lilipanda jeusi kuliko yote, mchana, na safari hii walivuka njia wakaingia uani. Kundi la mbele lilikuwa la wanaume wa ulinzi wa mtaa, filimbi zao shingoni. Lucas alikuwa kazini. Nilivuka nami, nikasimama kizingitini pamoja na Marselina.

"Irudishe!" mmoja alisema. "Irudishe kabla haijashuka!"

"Sina cha kurudisha," Marselina akajibu.

"Mwaka huu ulirudisha, tukakaa salama. Leo unakataa nini?"

"Mwaka huu nilirudisha neno. Radi sijawahi kuwa nayo. Nyie wenyewe mnajua."

Niliwaeleza niliyoyasikia mezani: swali lilikuwa la nani, na mifupa ilikuwa mikononi mwa nani. Mzee mmoja alinikatiza. "Mwalimu, wewe kaa kando. Ulikula nyama yake."

Stanslaus alikuwa katikati yao. Nilimwona wazi, na Marselina alimwona. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa na neno ambalo lingeugeuza umati ule: mimi ndiye niliyemchokoza. Hata sauti kubwa hakuihitaji. Marselina alimtazama, akamngoja, kama alivyokuwa amemngoja uwanjani.

"Shemeji," alimwita, kwa upole kabisa. "Mifupa hiyo uliishika wewe."

Stanslaus alitazama chini, akachezesha kidole cha mguu kwenye tope.

Jiwe la kwanza lilipiga bati. Halikuwa kubwa, lilibingirika juu ya paa, sote tukalisikiliza mpaka lilipoanguka nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeuliza limetoka mkono gani. Nilimwona mtu akiinama kuokota la pili. Wakati huo mvua ikashuka, mvua nzito isiyo na ngurumo hata moja, na umati ukakimbia kama kuku. Kilichomwokoa Marselina ni kwamba watu wale hawakutaka kulowa. Hakikuwa kitu kingine, na sitakubali mtu aniambie kwamba majirani walirudiwa na utu.

Lucas alirudi jioni, akaliona jiwe, akaliacha pale pale. Asubuhi alimpakia mkewe kwenye pikipiki, na godoro na viti vya saluni vikafuata kwa guta la mizigo. Nyumba ile imefungwa tangu siku hiyo. Majani yamelipanda baraza lile refu, na hakuna mnunuzi anayekwenda hata kuuliza bei.

Krismasi ya mwaka huo waliila mjini, katika chumba cha kupanga. Wageni tulikuwa mimi na Yotham, na simu yake ilikuwa mfukoni. Marselina alikuwa amepika vizuri. Tulipokezana chumvi, tukashukuru, tukasifu wali. Yotham alijaribu mara moja. "Lucas, hebu tuambie..." alianza, kwa sauti ile ile ya mwaka uliopita. Kisha alimtazama Marselina, akaona anavyomtazama, akaomba maji. Sheria ya meza haikufutwa kwa maneno. Tulipewa nyama bila kumtania mtu, na nje anga lilikuwa limetanda.

Tarehe 23 Desemba 2025 Leticia alifika kwenye saluni mpya ya Marselina pale mjini, mara ya kwanza tangu walipohama, akaketi, akasukwa, akalia "nakufa" tangu msuko wa kwanza kama zamani, na wote wawili wakacheka. Na alipomaliza kusukwa alipiga magoti, akaokota nywele zake zote sakafuni, akazifunga kwenye pembe ya kitenge, akaondoka nazo Mwamkulu.